Bipu Tatu

Mama alistaafu Februari, chaki bado imo kwenye mkoba.
Miaka thelathini na mmoja, darasa la tano,
alionyesha kwa fimbo ya mwanzi bahari ya magharibi
kwenye ramani iliyotoboka pale pale penye bahari,
fimbo ilipozoea kugusa.
"Naenda kuiona," alisema, "kabla magoti hayajanigomea."
Peke yake. Na chupa ya chai, na blanketi,
na kiinua mgongo kilichoshonewa ndani ya gagulo.

Tulipatana jikoni, viazi vikitokota:
bipu moja, nimefika.
Bipu mbili, bado niko njiani, kuleni, mlale.
Bipu tatu,
akanyamaza, akasogeza kuni motoni,
bipu tatu hazitakuwepo.

Asubuhi ile Matamba yote ilikuwa ndani ya ukungu.
Nililisikia gari likishuka kona hamsini na saba za Chimala,
honi moja kila kona, honi ikizidi kuwa ndogo
hadi ikawa mbu. Kisha hata mbu hakuna.

Kwetu mtandao haukai nyumbani.
Unakaa juu, kwenye kisiki cha mkaratusi
nyuma ya kikaushio cha pareto,
na hata pale sharti ukanyage kisiki chenyewe,
uso uelekee Usangu.
Kila jioni nilipanda na koti la marehemu baba
nikawakuta wenzangu kwenye foleni:
Eliudi Tweve anayembembeleza mchumba wa Makambako,
mama Ezelina anayesubiri pesa ya mbolea.
Kila mtu na zamu yake ya kisiki.

Simu ililia mara moja, ikakatika.
Namba ilianza na mbili sita sifuri. Amefika.
Wiki zikapita, ikawa mbili sita nne.
Sikujua amelala kwa nani, amekula nini,
nani amecheka raba zake za shamba.
Nilijua moja. Nilijua mbili.
Kumbe mtu anaweza kuishi kwa hesabu ndogo hivyo,
kama kiazi cha mbegu kinavyoishi gizani
kwa jicho moja.

Halafu ile Jumatano ya mvua.
Moja.
Mbili.
Nikainua mguu nishuke, kuleni, mlale,
tatu.

Nilikopa salio kwa vidole visivyozijua namba.
Eliudi akanirushia la kwake, hakuuliza.
"Mama! Unaumwa? Wamekuibia?"
Upepo upande wake. Nyuma yake kitu kikubwa
kinavuta, kinarudi, kinavuta.
"Hapana. Nimeiona.
Ni maji tu, mwanangu. Mengi, lakini maji.
Tangu nivuke Zambezi sijasikia mvua. Huko inanyesha?"
"Inanyesha."
"Nisikilizishe. Siyo hiyo ya kwenye majani.
Ya bati."

Bati lilikuwa chini, nyumbani, pasipo mtandao.
Nikasimama kisikini kama mjinga.
Ni mama Ezelina aliyekwenda kuling'oa
lile lililofunika kuni za kikaushio,
la kutu, lenye matundu mawili ya misumari.
Tukaliinua, Eliudi kule, yeye huku,
mimi katikati na simu,
maji yakituteremka mikononi hadi kwapani,
na mvua ya Makete ikaanza kusema juu yetu
kwa ile sauti anayoijua.

Hakuna aliyezungumza. Salio lilikuwa linakwenda.
Nilimsikia akivuta pumzi
kama mtu anayekunywa uji wa moto.
Kisha ile sauti ya darasani:
"Shikeni sawasawa, mnalitikisa."
Ikakatika.

Kesho yake, saa ya kisiki, mbili sita nne:
moja, mbili.
Nilingoja na zamu ya Eliudi ikapita.
Basi.

Nikashuka, nikala.
Kulala, hapana.